Bakteria wa Ziwa Bogoria: faida yao ni ya nani?

Mleta mada
Wakuu, hili tulijadili bila kuoneana haya. Maji ya Ziwa Bogoria, kule Baringo, yana magadi makali hata samaki hawaishi humo. Bakteria wanaishi. Na kwa kuwa maji ya sabuni ya unga nayo yana ukali wa namna hiyo, vimeng'enya vya bakteria hao, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia kama kumeng'enya uchafu, havivunjiki ndani ya mashine ya kufulia. Hapo ndipo biashara ilipoanzia.

Mapema miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichota sampuli katika maziwa yetu ya magadi. Kutokana na sampuli hizo kampuni ya Genencor ikapata kimeng'enya cha kutia kwenye sabuni na kufubaza jinzi. Mwaka 2004 KWS, shirika la wanyamapori, ikadai mgao wa faida ikisema hapakuwa na kibali halali. Watafiti wakajibu kuwa kibali cha utafiti walikuwa nacho.

Msimamo wangu: kwa chochote kinachotoka Bogoria, wa kwanza kulipwa ni Waendorois, jamii ya wafugaji walioondolewa kando ya ziwa hilo miaka ya 1970 ili pawe hifadhi. Serikali ifuate nyuma yao.

Mtu wa Maabara
Mkuu, hapo napinga. Kijiko kimoja cha tope la ziwa kina bakteria wa aina nyingi mno, na wengi wao ukiwaotesha maabara hawaoti. Umpate mmoja wa maana, utafute jeni lake, ulihamishie kwa bakteria anayekua upesi, kisha umkuze kwenye matangi makubwa. Hiyo ni miaka ya kazi, na fedha zake hazikutoka Baringo. Tukifunga milango, wazungu watachota kwingine. Watakaoumia ni wanafunzi wetu, wanaosubiri kibali mpaka muda wa shahada unawaishia.

Binti Pwani
Kaka, jasho la maabara silidharau. Lakini tazama Marekani kwenyewe. Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walimpata bakteria aitwaye Thermus aquaticus katika chemchemi ya moto ya Yellowstone miaka ya 1960. Kimeng'enya chake kinachostahimili joto ndicho kilichorahisisha PCR, kipimo hichohicho tulichopimiwa korona. Mwaka 1991 kampuni ya Cetus iliiuzia kampuni ya dawa ya Hoffmann-La Roche haki za PCR kwa dola milioni 300, na hifadhi ya Yellowstone haikuambulia hata senti. Walikaa kimya? Mwaka 1997 Yellowstone ikaandikiana na kampuni ya Diversa mkataba wa kugawana mapato. Kama kwao kudai ni haki, kwetu kunakuwaje ukorofi?

Mleta mada
Dada, umenisemea. Mtu wa Maabara, suala la wanafunzi nakubaliana nawe kabisa: anayesoma apewe kibali haraka, na malipo yaanze pale tu bidhaa inapoingia sokoni. Ila usiniambie fedha hazikutoka Baringo. Kilichotoka Baringo ni kiumbe chenyewe, na watu walionyang'anywa ardhi ya kando ya ziwa, walikokuwa wakipeleka mifugo yao kulamba chumvi. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kesi yao, uamuzi ukatangazwa mwaka 2010: warudishiwe ardhi, walipwe mrabaha, yaani mgao wa mapato. Hilo si ombi langu mimi.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Leo hakuna haja ya kupanda ndege na chupa. Mpangilio wa jeni ukishawekwa kwenye hifadhidata, kampuni inausoma kwenye kompyuta na kulitengeneza jeni upya. Mfuko wa Cali, mfuko wa kimataifa wa kukusanya michango ya kampuni zinazofaidika na taarifa hizo za jeni, ulizinduliwa Februari 2025, na angalau nusu ya fedha zake inakusudiwa wenyeji na jamii za mahali. Lakini kuchangia ni kwa hiari ya kampuni.

Mtu wa Maabara, wewe unazijua hizo hifadhidata. Jeni la Bogoria likishatumika ng'ambo, kuna alama yoyote inayobaki ya kuonyesha lilikotoka?