Naomba ushauri: mwenye nyumba anakataza mama yangu kulala kwangu

Habari za jioni ndugu zangu. Naombeni ushauri, nimekwama.

Nimepanga chumba na sebule Nkuhungu, hapa Dodoma. Kodi nililipa ya miezi 6, imebaki 4. Mama yangu ametoka Kondoa kwa ajili ya kliniki ya macho na anatakiwa kukaa kwangu wiki 3. Usiku wa tatu tu mwenye nyumba akagonga mlango: mgeni haruhusiwi kulala hapa zaidi ya siku 2, la sivyo nilipe shilingi 5,000 kila usiku au nihame. Mama alisikia yote. Tangu siku hiyo anaoga alfajiri ili asionekane uani, na hilo linaniuma kuliko hela.

Mkataba wetu ni wa ukurasa mmoja, wageni hawatajwi popote. Nimeomba kuongeza mchango wa maji na LUKU, amekataa. Mjumbe naye kasema nyumba ni ya mwenyewe.

Ninavyojua, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mpangaji anayelipa kodi haki ya kukaa kwa utulivu. Je, sharti lisilokuwemo kwenye mkataba linanibana? Na nianzie kwa mwenyekiti wa mtaa au baraza la kata? Sitaki ugomvi, nataka mama amalize matibabu.