Mipaka ya wakoloni: tuichore upya au tuilegeze?

Kuna aliyesema kwamba mipaka tuliyoachiwa na wakoloni ifutwe, ichorwe upya, kila kabila likae pamoja. Uchungu wake naujua. Mimi ni Mdigo wa Vanga, pwani ya Kenya, naishi Nairobi, na nusu ya jamaa zangu wako Tanga, ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Lakini kwa hilo la kuchora upya, napinga.

Mpaka wetu huu wa Kenya na Tanzania walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886: uanzie pale mto Umba unapoingia baharini, uende hadi Ziwa Victoria, ukipinda kuuzunguka Kilimanjaro. Wadigo wakabaki huku na huku, Wamaasai vivyo hivyo. Hakuna mzee aliyeulizwa.

Shangazi yangu alifariki Tanga usiku. Asubuhi baba alikuwa Horohoro, kituo cha mpakani upande wa Tanzania, na kitambulisho chake mfukoni na kanzu ya maziko mkononi. Akaambiwa kitambulisho hakitoshi, atafute hati ya muda. Akajaza fomu, akangoja, afisa akatoka, akarudi, akatoka tena. Hati ilipatikana saa nane mchana. Dada yake alishazikwa baada ya adhuhuri, maana maiti hangojeshwi. Baba alinipigia simu akiwa bado pale mpakani, mimi niko kazini mjini, akasema tu: "Mwanangu, sikumtia mchanga."

Hata hivyo sitaki mstari mpya, kwa sababu nao utapita katikati ya watu. Sudan Kusini ilijitenga 2011, na hadi leo Abyei, ambako Wadinka Ngok na Wamisseriya hukutana kwa maji na malisho, bado inagombaniwa.

Ndugu zangu Wasomali wa Eastleigh, hapa Nairobi, watanikumbusha ya kaskazini mwa Kenya. Tume ya Waingereza ya 1962 ilikuta Wasomali wengi wa huko wanataka kuungana na Somalia, wakabakizwa Kenya, ikafuata vita ya Shifta, waasi wa huko wakipigana na serikali ya Kenya. Kisha kwa miaka mingi kijana wa Garissa akawa anahojiwa ukoo wake wote ndipo apate kitambulisho, mwenzake wa Nyeri hahojiwi hivyo. Hoja hiyo ni nzito na sina jibu jepesi kwake. Ninachoona ni kwamba kilichomuumiza zaidi kijana yule ni kushukiwa nchini mwake mwenyewe.

Cairo, Julai 1964, viongozi wa Afrika waliahidi kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Somalia na Morocco zikakataa. Naamini ahadi ile ilituepusha na vita vingi. Ila tuliuheshimu mpaka tukamsahau anayeishi mpakani. Mkenya wa Busia anaingia Uganda kwa kitambulisho tangu 2014. Mbona mzee wa Vanga asiingie Tanga vivyo hivyo, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ile ile moja? Hilo halihitaji kung'oa hata jiwe moja la mpaka.

Nyinyi wa Moyale, wa Taveta, wa Namanga: kukiwa na msiba ng'ambo, mnavukaje?