Wanafunzi wa historia wajadili ya leo kwenye simu, au tuwaache na daftari?

Mwalimu wa Lindi (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Nafundisha historia kidato cha tatu na cha nne, sekondari ya kutwa huku Lindi. Muda si mrefu nilifungua kundi la WhatsApp la wanafunzi wangu. Wazazi waliridhia, na linafanya kazi jioni tu, maana simu shuleni marufuku na mimi sina ugomvi na marufuku hiyo. Kila wiki tunachukua jambo moja linalosemwa mitaani, tunalitafutia mizizi yake huko nyuma. Sharti ni moja: ukiandika kitu, sema umekipata wapi. Umekiona, umekisoma, au umesimuliwa, na aliyekusimulia ni nani wako.

Wiki ya kwanza tulianza na mjusi wa Tendaguru, yaani yule dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa huku Lindi enzi za Mjerumani, kwa kuwa huku kila mtu ana la kusema juu yake. Wabunge wa Lindi wamemuuliza bungeni zaidi ya mara moja: arudishwe, au Wajerumani watulipe? Nikawapa vijana mambo ya msingi, kwamba mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na leo yule mkubwa amesimamishwa Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Nilitegemea nisikie "arudishwe" mara arobaini. Binti mmoja ambaye darasani hajawahi kunyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, waliobeba walilipwa?" Miaka yote ninayofundisha ukoloni sijawahi kuulizwa swali hilo. Sababu naijua. Darasani angetakiwa aulize kwa Kiingereza.

Wiki ya pili ilikuwa korosho, ikapita vizuri. Ya tatu wakachagua wenyewe gesi. Nilisita, kisha nikakubali.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Kijana mmoja aliandika kuwa Mei 2013, kwenye zile vurugu za Mtwara za kupinga gesi kupelekwa Dar kwa bomba, baba yake alilala porini, kwenye mikorosho, akikimbia kipigo. Mwenzake akamjibu kwamba waliokimbia ndio hao hao waliochoma nyumba ya mjomba wake. Dakika kumi baadaye ni matusi ya nguoni. Mzazi mmoja akapiga picha ya mazungumzo, akaipeleka shuleni. Nimeambiwa nifunge kundi kwanza. Nimefunga.

Nauliza bila kona: nilikosea kuwafungulia mlango, au nilikosea namna ya kuwaongoza ndani?

Mzazi wa Mikindani

Mwalimu, shikamoo. Mimi si yule aliyepeleka picha, ila ningeweza kuwa mimi.

Simu anayotumia mwanangu ni yangu na laini imesajiliwa kwa jina langu. Sheria ya makosa ya mtandao ipo tangu 2015, haiulizi kama aliyeandika alikuwa anafanya zoezi la historia. Mtoto wa miaka kumi na sita anaandika kwa hasira, asubuhi amesahau, lakini maneno yake yameshafika Dar. Akiyasema darasani yanaishia darasani.

Na jambo lingine ambalo nyie wa Lindi mjini labda halijawagusa sana. Kitaya, kijiji cha mpakani na Msumbiji, kiliposhambuliwa na wapiganaji kutoka ng'ambo Oktoba 2020, huku simu zilijaa video na sauti. Nyingine za kweli, nyingine zilipigwa nchi gani sijui. Sisi tuna ndugu ng'ambo ya Ruvuma, Wamakonde tupo pande zote mbili. Watoto walikuwa wanarushiana maiti kama vichekesho. Mama yangu mzazi hakulala siku nne. Leo uniambie huo ndio "mjadala wa mambo ya sasa"?

Wafundisheni Maji Maji. Waliokufa vita vile hawaendi kushtaki polisi.

Mwalimu mstaafu, Masasi

Mzazi mwenzangu, hapo kwenye Maji Maji nakukatalia. Vita ile ilianzia Nandete, umatumbini, Julai 1905, na mwezi uliofuata misheni yetu hapa Masasi ikachomwa. Wapo waliopigana, wapo waliokaa upande wa Mjerumani, na wajukuu wanajuana. Nimewahi kusuluhisha ugomvi wa shamba ambao ukiuchimba unafika huko. Halafu tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, akaja Songea kuomba msamaha, na jambo la zaidi ya miaka mia likawa habari ya saa mbili usiku. Huwezi kumwambia mwanafunzi "hii ni historia, ile ni siasa" na akakuelewa.

Ila mwalimu, na wewe nina lako. Wanafunzi wangapi hawakuwa kwenye hilo kundi? Nakijua kijiji. Msimu wa korosho simu mpya zinaonekana, ikifika Machi zimeuzwa. Msichana akishika simu baada ya magharibi anaulizwa anaongea na nani, kaka yake haulizwi. Kwa hiyo uliofungua ulikuwa mlango wa wenye bando. Enzi zetu tulikuwa na gazeti la ukutani. Mwanafunzi anaandika kwa mkono, mwalimu anapitia, linabandikwa Ijumaa, kila anayepita anasoma. Hasira inapoa kabla gundi haijakauka.

Kuhusu lugha nakuunga mkono kwa mikono miwili. Machemba, yule mkuu wa Wayao, alimjibu Wissmann, kamanda wa Wajerumani, mwaka 1890 kwa barua ya Kiswahili, akamwambia haoni sababu ya kumtii. Leo mtoto wa Newala anaisoma barua ile kwa Kiingereza, anaijibia mtihani kwa Kiingereza, na anapata sifuri kwa sababu ya Kiingereza. Machemba mwenyewe angefeli.

Kijana wa Nachingwea

Naona wazee mnajadili kama vile mkifunga kundi la mwalimu, vijana watarudi kwenye daftari. Mimi ni bodaboda, nilimaliza kidato cha nne, historia nilipata C. Kijiweni tunashinda kwenye TikTok. Kuna klipu ilizunguka inasema reli ya Nachingwea ilijengwa na Mjerumani na akaing'oa mwenyewe alipokuwa anakimbia vita. Watu wameipenda, wameirusha. Hakuna aliyebisha.

Mimi nilibisha kwa sababu babu yangu alifanya kibarua kwenye karanga. Reli ile ni ya Mwingereza, ya ule mradi wa karanga ulioanza 1947 na kufa 1951, pesa zilizopotea karibu pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ya maji marefu nayo ilitokana na mambo hayo hayo. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini, tumeshajitawala. Nilipoandika hivyo niliitwa mjuaji. Angekuwepo mwalimu mmoja pale, hata wa kusema "kijana ana hoja", ningejisikia vizuri.

Gazeti la ukutani zuri mzee wangu, shikamoo, lakini klipu haipiti ukutani.

Mama wa Mtama

Mwanangu alikuwa kwenye kundi hilo. Nimeona niseme.

Anatumia simu yangu, akilala mimi nasoma. Wiki ya korosho walikuwa wanabishana kuhusu 2018, Serikali iliposema itanunua kwa 3,300 kilo na wanajeshi wakaja kuzibeba. Mmoja anasema wakulima walikombolewa, mwingine anasema waliibiwa, na wote walikuwa wadogo hata kubangua hawajui. Nikajikuta nabonyeza, natuma sauti: mimi nilikuwa na gunia kumi na moja, bei niliifurahia, hela ilichelewa mpaka nikakopa ada. Yote mawili ni kweli. Kesho yake mama mwingine akatuma yake, ya kwake ilikuwa tofauti na yangu. Halafu bibi mmoja akazungumza Kimwera tupu, watoto wakawa wanatafsiriana.

Sikujua kama nilikuwa nafundisha historia. Mimi nilikuwa najibu tu.

Ya gesi sikusema kitu, niliogopa. Labda tungesema sisi wakubwa wale watoto wasingetukanana.

Mwalimu wa Lindi (mleta mada)

Nimewasoma wote. Mama wa Mtama, asante kwa ujumbe wako, ile sauti yako niliiandika yote kwenye daftari langu.

Mzee wa Masasi, la wasio na simu limenichoma kwa sababu ni kweli. Kati ya arobaini na mbili, kundini walikuwa ishirini na sita. Nitafanya hivi nikiruhusiwa: kinachosemwa jioni kinaandikwa karatasi moja na kubandikwa darasani, na wasio na simu wanajibu kwa kalamu, nami naingiza majibu yao. Kwa hiyo gazeti lako lipo, ila lina miguu.

Mzazi wa Mikindani, hoja ya Kitaya sina jibu lake, na sitajifanya ninalo. Picha na video nitazikataa kabisa, na jina la mtu aliye hai halitatajwa. Lakini ile ya kuwaachia Maji Maji tu siikubali. Niliwaita wale vijana wawili waliotukanana, tukakaa chini ya mwembe. Wote wawili walikuwa watoto wa kubebwa mgongoni mwaka huo. Walichokuwa wanarushiana ni maneno ya wakubwa wao, hakuna kati yao aliyejua kuwa gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ya Mnazi Bay 1982, wala kwamba siku ile ya tarehe 22 Mei watu walikuwa wanafuatilia bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ikisomwa Dodoma. Nikamuuliza mmoja: baba yako alikimbia, alikuambia nyumba ya nani iliungua? Akasema hakuwahi kuuliza. Yule mwingine nikamuuliza: mjomba wako anajua nani alilala porini? Naye hakuwahi kuuliza. Wakaenda nyumbani na maswali hayo. Kosa langu ni kwamba nilianza na kundi, nikamaliza na mwembe. Ilitakiwa mwembe kwanza.

Jumatatu nina kikao na mkuu wa shule. Naona atataka jibu la ndiyo au hapana, na mimi nitampelekea karatasi ya masharti.

Mzazi wa Mikindani

Mwalimu, kama mtafungua tena, binti yangu ataingia. Namba iliyopo ni yangu, kwa hiyo na mimi nimeingia. Nitasoma tu, sitasema.

Ila la gesi msilianze mpaka nimeongea naye mimi. Mwaka ule nilikuwa Mtwara mjini, na hajawahi kunisikia nikilitaja.

Kijana wa Nachingwea

Jamani, na wale wapagazi wa mjusi? Walilipwa au hawakulipwa?

Mwalimu wa Lindi (mleta mada)

Walilipwa ujira wa kibarua. Yule binti sasa anataka ujira ule auweke kwenye mizani na bei ya tiketi ya kuingia kumtazama mjusi huko Berlin. Anaidai shule kompyuta.