Keloidi inarudi baada ya kukatwa: ni protini gani za seli zinaiendesha, na sindano inagusa wapi?

Tabibu_Kibosho

Wakuu wa afya, habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni.

Naomba ufafanuzi. Huku Moshi Vijijini wagonjwa wa keloidi, yaani kovu linalokua kupita jeraha lenyewe, hawaishi: ndewe za masikio yaliyotobolewa, vifua vilivyokuwa na chunusi, mikono iliyoungua kwa uji au mafuta ya kupikia. Wengi walishakatwa, kovu likarudi kubwa kuliko la kwanza. Vitabu vyetu vinasema kolajeni, protini ya nyuzi inayojenga kovu, imezidi, basi. Ninachotaka kujua ni protini zipi kwenye seli zinazoamuru kolajeni iendelee kutengenezwa hata kidonda kikishafunga. Triamsinoloni, ile steroidi tunayochoma ndani ya kovu, inaingilia wapi hasa? Na kwa nini kwa wengine inagoma? Mwenye dozi na hatua kamili aziweke, tafadhali.

Seli_na_Tishu

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza pale pale panaporukwa darasani.

Mtu akijeruhiwa, chembe za kugandisha damu na makrofaji (seli za kinga zinazomeza uchafu) humwaga protini iitwayo TGF-beta. Hutoka ikiwa imefungiwa ndani ya ganda la protini nyingine, na haifanyi kazi mpaka ifunguliwe. Moja ya njia kuu za kuifungua ni integrini, protini zilizopenya utando wa seli: kwa nje zimeshika lile ganda, kwa ndani zimeshikana na kiunzi cha seli. Seli ikivuta, ganda linaachia. TGF-beta inakaa kwenye kipokezi chake juu ya faibroblasti, seli inayotengeneza kolajeni, kipokezi kinazitia fosfeti protini za Smad2 na Smad3, hizo zinaungana na Smad4 na kuingia kwenye kiini kuwasha jeni za kolajeni aina ya I na za aktini ya misuli laini. Faibroblasti iliyojaa aktini hiyo ndiyo tunaiita maiofaibroblasti. Inavuta kidonda kifunge, na papo hapo inamwaga kolajeni.

Kidonda cha kawaida kina breki. Smad7 inazima ishara, vimeng'enya vya MMP vinakata kolajeni ya ziada, na maiofaibroblasti zinakufa kazi ikiisha. Kwenye keloidi seli nyingi zinakataa kufa, protini za TIMP zinazuia MMP, na kimeng'enya cha lisili oksidesi kinafunga nyuzi za kolajeni moja kwa nyingine mpaka tishu inakuwa ngumu. Hapo ndipo penye siri yenyewe: ugumu nao ni amri. Seli iliyokaa kwenye tishu ngumu inavuta zaidi, inafungua TGF-beta zaidi, na protini za YAP na TAZ zinaingia kwenye kiini kuongeza moto. Ndiyo maana kifua na mabega, ambako ngozi inavutwa mchana kutwa, vinaongoza. Ndewe haivutwi hivyo. Hapo kichochezi ni tundu lenyewe, maambukizi, na hereni za nikeli zinazowasha ngozi.

Sasa utaona kwa nini kisu peke yake hakifai. Kinaondoa kolajeni iliyokwisha kutengenezwa, kinaacha seli za pembezoni, kisha kinazipa jeraha jipya na TGF-beta mpya. Tafiti zinataja kurudi kwa asilimia 45 hadi 100 pale keloidi inapokatwa bila tiba nyingine. Kumkata mgonjwa bila mpango wa miezi inayofuata ni kumwongezea ugonjwa.

Ngozi_Njema

Nakubaliana na mkubwa hapo juu. Niongeze upande wa sindano.

Kwanza hakikisha ni keloidi. Kovu nene la kawaida linabaki ndani ya mipaka ya jeraha, huanza wiki 4 hadi 8, na linaweza kunywea lenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Keloidi inavuka mipaka, inaweza kuchelewa miezi mingi, na hainywei. Uvimbe unaochubuka na kutoa kidonda juu yake, au unaokua kwa namna usiyoielewa, usiuchome. Mpeleke mgonjwa kwa mtaalamu wa ngozi.

Triamsinoloni inatuliza seli zinazomwaga TGF-beta, inapunguza utengenezaji wa kolajeni, na inashusha protini zinazozuia vimeng'enya vya kuikata. Chupa yake huwa ni miligramu 40 kwa mililita. Itikise vizuri kila mara, dawa ni unga ulioelea ndani ya maji. Usipoitikisa unachoma maji. Keloidi ndogo, laini au ya usoni, ipunguze kwa dawa ya ganzi ya lignokeni ya asilimia 1 ifike miligramu 10 kwa mililita. Ngumu ya siku nyingi inataka 40. Kwa kituo cha ngazi yako usivuke miligramu 40 kwa kikao kimoja.

Tumia bomba la mililita 1 ambalo sindano yake inafungwa kwa kuzungushwa, kwa sababu unasukuma kwa nguvu na sindano ya kuchomeka tu itaruka. Geji 26 au 27. Ingiza ncha ndani ya mwili wa keloidi, sambamba na ngozi, sukuma polepole mpaka ipauke, acha, sogea. Dawa ikiingia kwa ulaini mno ujue umevuka ukafika kwenye mafuta. Hili ndilo linaloharibu kazi nyingi: keloidi inabaki vilevile na ngozi chini yake inabonyea. Rudia kila wiki 4 hadi 6, na usimame kovu likilingana na ngozi.

Ikigoma, angalia kwanza hayo mawili, kutikisa na mahali pa ncha. Halafu mgonjwa mwenyewe: kuwashwa kunaisha mapema, anaacha kuja, seli bado zipo hai. Kwa tishu ngumu kweli, gandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, subiri dakika 10 hadi 15 ivimbe maji, ndipo uchome. Ila baridi hiyo inaua seli za rangi. Kwa ngozi zetu baka jeupe ni jambo la kweli, mweleze kabla. Hospitali kubwa huchanganya sehemu 9 za fluorourasili ya miligramu 50 kwa mililita na sehemu 1 ya triamsinoloni ya 40. Hiyo inazuia seli kugawanyika, na haitolewi kabisa kwa mjamzito. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, kilichoanza 1992, kiko jirani nanyi. Andika rufaa mapema.

Pafu_Arusha

Mduara huohuo wa TGF-beta ndio unaokaza mapafu ya wanaovuta vumbi la silika, wakiwemo wachimbaji na wakata mawe. Dawa za pirfenidoni na nintedanibu, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa ugonjwa wa mapafu kukakamaa usiojulikana chanzo, zinapunguza kasi tu. Pafu lililokwisha kakamaa halilainiki.

Kwenye ngozi, avotermini, yaani TGF-beta3 iliyotengenezwa maabara, ilishindwa kwenye jaribio kubwa la mwisho mwaka 2011. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba ukizuia YAP kwenye panya kwa dawa ya vetepofini, kidonda kinapona bila kovu na vinyweleo vinarudi. Ni panya, lakini mwelekeo huo naupenda kuliko wowote.

Tabibu_Kibosho

Asanteni sana. Mawili yamebaki: mgonjwa wa kisukari, na mtoto aliyeungua ambaye bado hajapata kovu.

Ngozi_Njema

Wa kisukari anachomwa, ila sukari inaweza kupanda siku kadhaa. Apime nyumbani au arudi kwako kupimwa, na uanze na dozi ndogo. Wanawake waambie hedhi inaweza kuvurugika kwa muda.

Mtoto: maji safi yanayotiririka dakika 20, ndani ya saa 3 za kwanza, na dawa ya meno isipakwe kabisa. Jeraha linalopita wiki 3 bila kufunga lipelekwe kwa wapasuaji, maana muda huo wote seli zinapokea ishara ya kujenga. Likishafunga kabisa, si kabla, weka karatasi ya silikoni saa 12 au zaidi kwa siku, miezi 3 au kupita hapo. Kwa joto la Moshi la Januari hadi Machi ngozi itatoka vipele chini yake: ioshwe kila siku kwa sabuni isiyo na manukato, ngozi ikaushwe, na vipele vikitoka ipumzishwe siku moja au mbili, kisha irudishwe kwa saa chache chache.