Surua shuleni: kadi za chanjo kutoka nyumbani

Mama Mapacha aliandika:

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Barua imetoka shuleni huku ughaibuni leo: kuna mtoto ana surua, na wasiokamilisha chanjo wakae nyumbani siku 21. Nikakimbilia kliniki na kadi za wanangu tulizotoka nazo nyumbani. Nesi kaweka kidole kwenye “miezi 9”, kasema dozi hiyo haihesabiki. Nimebishana hadi sauti imekauka. Kwani surua ya huku ni nyingine?

Da Mkubwa, nesi mstaafu, alijibu:

Marahaba mdogo wangu. Surua ni ileile, na hakuna aliyekosea. Kwetu nyumbani ugonjwa unazunguka sana, kwa hiyo mtoto huwahiwa akiwa na miezi 9. Tatizo, kinga aliyorithi kwa mama inaweza kuwa bado ipo na ikaipunguzia chanjo nguvu. Nchi zenye surua chache husubiri miezi 12, ndiyo maana nyingi haziihesabu iliyotangulia. Tazama kadi vizuri: kama walipata nyingine wakiwa na miezi 18, hiyo inahesabiwa, imebaki moja tu. Kurudia hakudhuru. Kama kweli walikuwa karibu na mgonjwa, chanjo ndani ya saa 72 bado inaweza kuwakinga, basi usingoje wiki ijayo. Wajawazito hawachanjwi hii. Mjamzito aliyekutana na mgonjwa apige simu kliniki leo hii, kuna sindano nyingine ya kingamwili inayotolewa ndani ya siku 6.

Baba wa watatu aliandika:

Nami niungame. Mwaka jana mwanangu alichemka homa, kikohozi, macho mekundu, nikambeba moja kwa moja hadi hospitali. Tumekaa na watu kwenye chumba cha kusubiri karibu saa nzima. Walipogundua, chumba kikafungwa kwa muda wa saa 2, maana virusi vinabaki hewani hata mgonjwa akiondoka, na kila aliyekaa pale akatafutwa kwa simu. Kulikuwa na mama mwenye kichanga. Bado namuwaza. Pigeni simu kwanza, waambieni “nashuku surua”, watawaelekeza mlango.

Halafu vipele: daktari alitafuta wekundu, kwenye ngozi nyeusi ya mwanangu hakuuona. Mimi nilivipapasa kwa kiganja, nyuma ya masikio, kama mchanga chini ya ngozi. Semeni wenyewe: vilianza usoni, vinashuka.

Katibu aliandika:

Ahsanteni. Mawili matatu. Naona ujumbe wa faragha unazunguka: “ni mtoto wa nani?” Acheni. Familia ikiona aibu itaficha, na mtoto huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele, kwa hiyo anayefichwa leo amekwisha kukaa na wa kwako. Zile video zinazodai chanjo huleta usonji (autism) msinitumie tena. Chanzo cha dai hilo ni makala ya 1998 ambayo jarida lililoichapisha liliifuta 2010.

Mkutano wa Jumamosi umeahirishwa. Watakaofungiwa nyumbani waniandikie mahitaji, tutaacha mlangoni. Nahitaji madereva wawili, waliochanjwa dozi zote.

Mama Mapacha, kesho asubuhi nakupitia tukawachome hao watoto. Beba kadi, hata ile iliyochanika.

Mama Mapacha aliandika:

Iliyochanika ndiyo yenye miezi 18! Naitafuta gundi.