Draiva ya kinanda haijipakii mpaka niiite kwa mkono, na Jumapili imekaribia

Kinanda_Katuba
Jambo yenu bandugu. Niko Lubumbashi, Katuba, napigia kwaya. Mashine yangu ni kompyuta ya Debian 12, mfumo wa Linux. Kinanda ni cha MIDI, cha waya wa USB, hakina sauti yake. Sauti inatoka kwenye mashine. Nikichomeka, kimya. `lsusb`, orodha ya vifaa vya USB, inakiona; `aplaymidi -l`, orodha ya vifaa vya MIDI, haikioni. Nikiandika `sudo modprobe snd-usb-audio`, amri ya kupakia draiva ya sauti ya USB, kinaamka palepale. Zamani kilikuwa kinaamka chenyewe. Betri ya mashine ilikufa, umeme ukikatika nayo inazimika, kwa hiyo nikiwasha upya naandika neno la siri huku waumini wote wananitazama. Nifanye nini?

Mama_Alto
Mwanangu, sisi hapa Kadutu, Bukavu, tuliimba Pasaka nzima kwa ngoma mbili na kayamba, kinanda kilikuwa kimekufa. Watu walilia. Msizoee sana mashine.

FundiRuashi
Nunua betri 😂

Mzee_Waya
Kijana, ulichoeleza kina maana yake. Unapochomeka, kerneli, kiini cha mfumo, inasoma vitambulisho vya kifaa na kukitungia lakabu ndefu, modalias. Ya kwako huenda ina `ic01` ndani, jamii ya sauti, maana MIDI ya USB imehesabiwa humo. Kerneli inapiga mbiu, udev, programu inayosimamia vifaa, inaipokea na kutafuta kwenye faili ya `modules.alias` moduli, yaani draiva, inayoitikia lakabu hiyo, kisha inapakiwa. Kwako moduli inaitikia jina lake lakini haiitikii lakabu. Kuna mtu amefunga njia hiyo. Ulibadilisha nini?

Kinanda_Katuba
Sijagusa kitu, papa. Nilifanya masasisho ya kawaida tu.

Mzee_Waya
Tuletee majibu ya `grep -r snd /etc/modprobe.d/`.

Lava_Goma
Mimi nililia na kadi ya sauti miezi miwili hapa Goma, kumbe waya wenyewe ulikuwa wa kuchaji simu, hauna nyuzi za data. Angalia waya.

Mzee_Waya
Lava, amesema kinaamka kwa modprobe. Waya mzima huo.

Kinanda_Katuba
`/etc/modprobe.d/sauti.conf: blacklist snd_usb_audio`

Sawa, niliuandika mimi. Lakini nilikuwa na sababu! Mdogo wangu ana kamera ya USB yenye maikrofoni. Mashine ikiwashwa, kamera inajifanya kadi ya kwanza na sauti yangu inapotea. Nilikuta mahali ushauri wa kupiga marufuku moduli, nikafanya, kamera ikatulia. Mstari huo siufuti. Nilitaka tu kujua jinsi ya kufanya kinanda kipite. Nimeshaandika skripti ya cron inayoita modprobe kila dakika.

FundiRuashi
Kila dakika! Umeajiri mlinzi wa kugonga mlango ulioufunga mwenyewe.

Mzee_Waya
Kamera na kinanda vinatumia moduli hiyohiyo moja. Skripti yako ikiiita, kamera nayo inaingia. Hujazuia chochote, umechelewesha tu. Futa mstari, weka huu mahali pake: `options snd-usb-audio index=-2`. Maana yake sauti ya USB ipakiwe, ila isishike nafasi ya kwanza.

Kinanda_Katuba
Aksanti papa, lakini labda nimechelewa. Alhamisi nilimwambia mwenyekiti wa kwaya kwamba kinanda kimeharibika. Wameanza kuchanga cha kipya. Na kusema kweli, hiki ni cha funguo 49, kwaya imekua, tunahitaji cha 61 hata hivyo.

Mama_Alto
Eeh! Kumbe hapo ndipo palipokuwa panauma. Wajane wanatoa franka zao kwa ajili ya mstari mmoja ulioandika mwenyewe?

Kinanda_Katuba
Mama, sikusema uongo. Nilisema *hakifanyi kazi*. Na kilikuwa hakifanyi.

Shahidi_Kamalondo
Ngojeni. Mimi naona hadithi imetungwa. Kwanza, moduli ikipigwa marufuku haiwezi kupakiwa, kwa nini modprobe yake ifanye kazi? Pili, umeme ukikatika spika za kanisa zinazima pia. Waumini wanamtazama gizani kwa sauti gani? Huyu anauza vinanda vya funguo 61, subirini aweke bei.

FundiRuashi
Nilishangaa pia. Katuba gani yenye umeme Alhamisi?

Mzee_Waya
La kwanza umekosea, Shahidi. `blacklist` inafuta lakabu za moduli, haifuti jina lake. Udev inayotafuta kwa lakabu inarudi mikono mitupu. Mtu anayetaja jina anafunguliwa. Kama unataka izuiwe kwa wote, ni `install snd_usb_audio /bin/false`. Ndiyo maana dalili zake nimeziamini toka mwanzo. Mtunzi wa uongo angesema modprobe nayo inakataa. Enzi za kerneli 2.4 tulikuwa na skripti za hotplug na faili ya `modules.usbmap`, na usumbufu ulikuwa mkubwa kuliko huu.

Shahidi_Kamalondo
Na spika?

Kinanda_Katuba
Kanisa lina jenereta yake, inachukua dakika mbili kuwaka. Dakika hizo mashine inakuwa imezima. Siuzi chochote.

Shahidi_Kamalondo
Basi taja ni kwaya gani.

Mama_Alto
Asitaje. Aende kwa mwenyekiti leo, kabla ya mazoezi.

Lava_Goma
Waya lakini uangalie.

Kinanda_Katuba
Nimefuta mstari na cron, nimewasha upya, nimechomeka. Kimeitika chenyewe bila neno la siri. Sasa maikrofoni ya kamera ndiyo inapiga filimbi kwenye spika, na mdogo wangu anacheka.

Mzee_Waya
Mstari wa `index=-2` uliuweka?

Kinanda_Katuba
Huo bado, papa.