Sanaa ya Kiislamu na Kiarabu bure mtandaoni: Archnet, Met, QDL au ACO?

ustadh_mumias
Asalaam aleikum wadau. Nafundisha madrasa hapa Mumias na jioni nasaidia vijana wa sekondari na IRE (somo la dini ya Kiislamu), sasa nataka waone sanaa yenyewe, misikiti, khati, vyombo, sio kusikia tu kwa mdomo wangu, na wale wakubwa kidogo nawatafutia vitabu vya Kiarabu. Za kulipia kwa dola siwezi. Mwenye ametumia hizi nne, yaani Archnet, Met, QDL (Qatar Digital Library) na ACO (Arabic Collections Online), anisaidie, bando ni ndogo na napakua kwa simu.

binti_kaloleni (Kisumu)
Waaleikum salaam ustadh. Kwa picha anza na Met, lile jumba la makumbusho la New York. Tangu Februari 2017 picha za vitu ambavyo havina hakimiliki wameziachilia kabisa, unapakua, unaprinti, unabandika ukutani, hata ukiweka kwa kijitabu ukauza hakuna wa kukuuliza. Tafuta mihrab (ile sehemu ya ukuta inayoonyesha kibla) ya Isfahan, Iran, namba 39.20. Ilitoka Madrasa Imami, ni ya 1354 hivi, inapita mita 3 kwenda juu, na yote ni vigae vya rangi vilivyokatwa kipande kwa kipande vikapangwa mpaka vikawa maandishi na maua. Ukizumu ukingo wa nje unasoma surat Tawba kuanzia aya ya 18, na pale katikati kuna hadithi kwamba msikiti ni nyumba ya kila mchamungu. Watoto wa kwetu wakishashika tu "masajida Allah" wanaendelea wenyewe kwa kichwa, yaani wanasoma ukuta wa miaka karibu 700, mimi hiyo hunitoa machozi.

bondeni_nax
Met sawa, lakini kwa majengo nasimama na Archnet. Met inakupa mihrab peke yake imeng'olewa kwake, Archnet inakupa msikiti mzima na ramani yake na maelezo ya nani alijenga na kwa nini. Ni kazi ya watu wa Aga Khan na chuo cha MIT. Angalia msikiti wa Niono kule Mali, wa udongo, ulipata tuzo ya Aga Khan 1983, vijana waone kwamba usanifu wa Kiislamu si marumaru na kuba peke yake. Na kama unapenda kusoma kwa undani, matoleo ya zamani ya Muqarnas, jarida la sanaa ya Kiislamu, yako hapo bure. Chunga tu, kusoma ni bure lakini picha nyingi zina wenyewe, usiprinti kabla hujaangalia.

qalam254
QDL wengi huingia wakitafuta sanaa wakakuta barua za serikali ya Uingereza kuhusu Ghuba, maana hiyo ndo sehemu kubwa. Ilifunguliwa 2014, British Library na Qatar Foundation. Utamu wake ni miswada ya Kiarabu ya hesabu, nyota na tiba, na tovuti yenyewe unaweza kuisoma kwa Kiarabu. Kwa vitabu, ACO ya NYU, chuo kikuu cha New York, ina maelfu ya chapa za zamani lakini ni skani, faili nzito kwa bando yako. Vijana wape Library of Arabic Literature, pia ni NYU, PDF za Kiarabu ni bure na zimechapwa upya, herufi safi hata kwa simu ndogo.

shangazi_wa_khati (Kisumu)
Jamani na za kwetu je?? Miswada ya Msikiti wa Riyadha Lamu ilipigwa picha kwa mradi wa British Library wa hifadhi zilizo hatarini, tafuta EAP466. Na chuo cha SOAS cha London wana miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ustadh tafadhali usiwaonyeshe Isfahan ukawaficha Lamu, hao watoto wakue wakijua kalamu hiyo ilishikwa hapa hapa Kenya.

ustadh_mumias
Shangazi umenigusa, Lamu inaingia wiki ya kwanza. Mihrab naprinti A3 Jumamosi, Archnet tutafungua pamoja kwa laptopu ya jamaa mmoja. @qalam254 hizo PDF za Kiarabu, kwa kidato cha 3 ungeanza na kipi, mashairi ama safari?